Mbwa Aliyefunzwa

Katika familia za Wabajuni wa kisiwa cha Chula, Somalia, zilizotawanywa na vita vya 1991 na sasa zinaishi Uingereza, mtoto kuomba mbwa si ajabu, na jawabu la wazee huwa fupi: mbwa najisi, hafugwi. Kuhusu unajisi, sisi Mashafii hatuna ugomvi. Penye ute wake tunaosha mara 7, moja kwa udongo. Lakini kutwaharisha chombo ni suala moja na kumfunza mnyama ni suala jingine. Kuyachanganya kumetusahaulisha kwamba dini yetu ilimpa mbwa aliyefunzwa daraja yake zamani.

Aya ya 4 ya Surat al-Maida inahalalisha kilichokamatwa na wanyama wa kuwindia waliofunzwa, na inaihesabu elimu ya kuwafunza kuwa imetoka kwa Mungu. Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki 1277, ameyataja masharti katika kitabu chake Minhaj: mbwa aende akitumwa, asimame akikemewa, amshike mnyama wala asimle, na hayo yarudiwe mpaka idhaniwe kwamba ameshika adabu. Basi chukua mbwa wawili wa tumbo moja, kila mmoja ameua paa kwa meno, na bismillahi imesomwa kwa wote wawili. Nyama ya huyu ni halali, ya yule ni mzoga. Kilichowatenga ni mafunzo tu. Wabajuni wanaweza kulielewa hili kuliko wengi. Wavuvi wa visiwani walikuwa wakimfunga samaki aitwaye chazo kamba mkiani, wakamwachia amgande kasa, kisha wakavuta. Chazo hafunzwi, huganda kwa maumbile yake. Mbwa mwenye njaa anayemshika paa kisha akamngoja bwana wake ameyashinda maumbile, na hilo halipatikani pasipo mtu aliyekaa naye akarudia na kurudia.

Mtu huyo naye lazima awe amejua kufunza, na hii ndiyo faida kubwa ya darasa la kumfunza mbwa utii: mwanafunzi wa kwanza ni mwenye mbwa. Mtoto wa mbwa huzoea watu, sauti na wanyama wengine kwa wepesi zaidi kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, muda ambao mgeni wa mambo haya huupoteza. Humwita mara tano kwa sauti tano, na akija humpiga kwa kuchelewa. Mbwa akaelewa kwamba kuitika ni kupigwa. Darasani huonyeshwa kuita mara moja, na kumtuza papo hapo anapokuja. Wapo wasemao kwamba kumtiisha kiumbe hivyo ni kumdhulumu. Mimi naona dhuluma iko kwa yule asiyefunzwa: hufungwa mnyororo mchana na usiku, au hutupwa barabarani akapigwa mawe.

Pingamizi lililo zito zaidi ni hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba afugaye mbwa asiye wa mifugo, shamba wala kuwinda hupungukiwa na thawabu kila siku. Nawawi, akiisherehesha Sahihi ya Muslim, anaona kauli sahihi zaidi ni kuwa mbwa wa kulinda nyumba anaingia katika ruhusa, kwa kuwa sababu yake ni haja, na kwamba inajuzu pia kumlea mtoto wa mbwa kwa ajili ya kazi za kuwinda, shamba na mifugo. Ni kwa haja hiyohiyo msikiti mmoja wa Leicester ulimkubali mwaka 2008 mbwa wa kumwongoza kipofu, akatengewa mahali pake mlangoni. Hukumu ya najisi haikuguswa; aliaminiwa tu kwamba atatulia alipowekwa. Lakini haja isiyo na mafunzo ni kisingizio: mbwa anayembwekea kila mpita njia hajalinda nyumba, amewaudhi majirani, na jirani ana haki yake. Na anayemtaka mbwa kwa pambo tu, hadithi ingali inamhusu, hata akihudhuria madarasa yote ya mji.