Chama cha Wanafunzi ni cha Nani?

Wazee wetu wa pwani husema, nahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii nimeitumia mara nyingi katika maisha yangu ya ualimu, hasa siku ambazo wanafunzi walitaka kusema jambo nisilopenda kulisikia. Ni methali ya kweli, na mtu aliyezaliwa Mafia hawezi kuipinga. Lakini sasa nimestaafu, nakaa barazani kwangu Kilindoni nikiwatazama watoto wa shule wakipita, na najiuliza swali ambalo methali hiyo hailijibu: huyo nahodha mmoja, yeye alijifunzia wapi?

Mimi najua mahali alipojifunzia mmoja wao. Januari 1965 nilichaguliwa kwenda kusoma sekondari bara, nikapanda chombo cha mjomba wangu kwenda Dar es Salaam. Kaskazi ilikuwa imekaza, nasi tulikuwa tukipiga bisha tangu alfajiri. Adhuhuri mjomba aliniita nyuma akanikabidhi usukani, kama yeye alivyokabidhiwa na babaye akiwa mdogo kuliko mimi. Chomboni mlikuwa na abiria na shehena ya mbata. Baada ya muda nilizembea, tanga likapiga kwa kishindo, akina mama wakapiga kelele. Mjomba alikuwa kaketi kando yangu, mikono juu ya magoti. Hakuninyang'anya. Alisema tu, "Kirudishe, mjomba," nami nikakirudisha.

Sote tulipokuwa wadogo tulichonga vingalawa tukavichezea ufukweni. Sijamwona hata mmoja aliyekuwa nahodha kwa kuchezea kingalawa.

Shuleni nilikuta vyama vingi: skauti, uigizaji, kwaya, bustani, sayansi, gazeti la ukutani, na chama cha mdahalo ambacho ndicho nilichojiunga nacho. Wako wanaodhani mambo haya yaliletwa na Wazungu na kwamba sisi hatukuwa nayo. Hilo si kweli. Kabla ya shule za sekondari kuenea, vijana wa pwani walikuwa na ngoma zao za beni, Marini na Arinoti, zenye vyeo, michango na mashindano, na waliziendesha wenyewe. Kilichokuwa kigeni shuleni ni kwamba chama kilikuwa na mwalimu mlezi, na hapo ndipo lilipo swali langu lote.

Mlezi wetu wa mdahalo alikaa benchi la nyuma, akakaa kimya. Tulijadili kwa Kiingereza, lugha tuliyoikwaa kama mguu unavyokwaa matumbawe, naye hakutusahihisha mpaka kikao kimekwisha. Hakuna aliyepewa alama. Mwenyekiti alikuwa mwanafunzi, na katibu, ambaye mwaka 1967 nilikuwa mimi, aliandika kumbukumbu katika daftari kubwa lenye jalada jekundu.

Mwaka huo, mwezi Machi, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Chama chetu kikaweka hoja kwamba kazi ya shamba itawapunguzia wanafunzi elimu. Kura zikapigwa, hoja ikapita. Katika siku zile matokeo kama hayo yalionekana kama kuipinga nchi. Habari zikafika ofisini, na mlezi wetu akaambiwa auchane ule ukurasa. Alikataa. Alituambia sisi viongozi wa chama, "Kura zimehesabiwa. Ukurasa utabaki." Kisha akaongeza kwamba Jumatatu sote tutashika majembe kama kawaida, kwa sababu chama cha mdahalo si serikali ya shule. Tukayashika. Ukurasa ukabaki.

Nilidhani wakati ule kwamba alikuwa mkaidi tu. Baadaye nilisoma Elimu ya Kujitegemea kwa makini, nikaona kwamba mwandishi wake alitaka wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shamba lao na matumizi ya mapato yake. Mlezi wetu alikuwa ameielewa kuliko wale waliotaka ukurasa uchanwe kwa jina lake.

Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa tunda la mambo haya. Alipokuwa Makerere mwaka 1943, yeye na wenzake, wakiwamo Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, waliunda chama cha ustawi cha wanafunzi kutoka Tanganyika. Chama hicho kidogo kikageuka kuwa tawi la TAA, na TAA ndiyo iliyozaa TANU tarehe 7 Julai 1954. Lakini mtu yule yule, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, aliwarudisha makwao zaidi ya 300, ingawa alipunguza na mshahara wake mwenyewe siku hiyo hiyo. Wapo wanaosema alikuwa na haki, wapo wanaosema alikasirika. Sina nia ya kumhukumu. Nasema tu kwamba ikiwa jambo hili lilikuwa zito kwake, sembuse kwangu.

Mwaka 1983 nilikuwa ndiyo kwanza nimepewa ukuu wa chuo kimoja cha ualimu huko bara. Chuo kilikuwa na duka la ushirika lililoendeshwa na wanachuo, nami nililisifu sana mbele ya kila mgeni. Katibu alikuwa mwanachuo, mweka hazina mwanachuo. Ilikuwa miaka ya dhiki. Sabuni na sukari vilipatikana kwa mgawo, na wanachuo walipanga foleni kwa nusu mche wa sabuni.

Mweka hazina wa mwaka ule alikuwa binti mpole, mwenye mwandiko safi. Asubuhi moja nilikuta watu wamejazana kwenye ubao wa matangazo. Alikuwa amebandika orodha ya wadaiwa wa duka, kama katiba ya ushirika wao ilivyomtaka afanye kila baada ya miezi mitatu, kazi ambayo waliomtangulia hawakuwahi kuifanya. Walikuwamo walimu watano. Jina la tatu lilikuwa langu: katoni mbili za sabuni, zilizochukuliwa kwa kimemo chenye sahihi yangu.

Msomaji akumbuke kwamba huo ulikuwa mwaka wa vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu walikuwa wakikamatwa kwa sababu ya bidhaa zilizofichwa, na jina la mkuu wa chuo kuwa ubaoni pamoja na katoni za sabuni halikuwa jambo la mchezo. Ile sabuni nilikuwa nimewagawia ndugu waliokuja kunitembelea, na nilikusudia kulipa mwisho wa mwezi, kweli nililipa. Lakini asubuhi ile sikulipa. Niliibandua ile orodha kwa mkono wangu mwenyewe, mbele ya wanachuo. Jioni niliita mkutano, nikataja nidhamu, nikataja nahodha wengi na chombo kwenda mrama. Kuanzia siku ya pili hesabu za duka zilishikwa na mwalimu.

Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba deni nililipa. Lakini deni halikuwa jambo lenyewe. Tulimpa binti yule kazi tukamwambia ni ya kweli. Alipoifanya kweli, tukamwonyesha kwamba ilikuwa kingalawa cha ufukweni. Na chuo cha ualimu si mahali pa kukosea hivyo, maana kila aliyekuwa kwenye ule mkutano alikwenda kufundisha mamia ya watoto. Somo la jioni ile halikuwamo katika muhtasari wowote, lakini nina hakika hakuna somo langu lililoshikwa vizuri zaidi.

Je, basi wanafunzi waachwe wafanye watakalo? Sivyo. Mjomba hakuondoka usukanini akaenda kulala. Alikaa karibu, na lau fungu lingetokea mbele angeukamata usukani bila kuniomba radhi. Mlezi wetu naye hakuturuhusu kuacha majembe. Mtu mzima ana wajibu wa kuokoa chombo. Lakini kabla ya kunyoosha mkono ajiulize: kilicho hatarini ni chombo, au ni heshima yangu? Tanga likipiga kelele, abiria hushtuka na nahodha huona haya, lakini chombo hakizami. Siku ile ya 1983 chuo hakikuwa kinazama. Duka lilikuwa linaendeshwa vizuri kuliko wakati wowote. Nilikuwa naona haya, nikaiita haya yangu nidhamu.

Miaka michache iliyopita nilikuwa Nyamisati nikisubiri boti ya kurudi Kilindoni. Mama mmoja mtu mzima akanijia, akanishika mkono. "Shikamoo, mwalimu." Sikumtambua mpaka alipotaja mwaka. Ndiye yule mweka hazina. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, anakuja Mafia kumtembelea mwanawe anayefanya kazi hapa. Tulivuka pamoja. Hakutaja orodha, nami nikashindwa kuitaja. Nilimwuliza tu kama shuleni kwake walikuwa na duka la wanafunzi.

"Lilikuwapo, mwalimu," alisema. "Na kamati ya wanafunzi ilikuwapo. Ila hesabu nilizishika mwenyewe."

Alilisema kwa upole, bila kinyongo, kama mtu anayemweleza mwalimu wake kwamba alifuata alivyofundishwa. Tulipokaribia Kilindoni nilimwomba radhi kwa habari ya ile orodha. Alinitazama kwa muda, akasema, "Yamepita, mwalimu." Kwake huenda yamepita. Mimi bado nawafikiria watoto wa shule yake, ambao hawajawahi kuniona, na daftari la hesabu ambalo hawakupewa kulishika.