Mbona Mawaidha Hayakai Moyoni?



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Maswahaba zake.

Ndugu zangu wanafunzi, Ramadhani ilipokwisha mwenzangu mmoja wa bwenini aliniambia haoni tena faida ya kuja darsani. "Nasikiliza, hata nalia, lakini nikitoka mlangoni hakuna kilichobaki. Bora nilale." Nikamjibu kwa ukali kwamba moyo wake umekufa. Tangu siku ile sijamwona darsani, na makala haya ni deni langu kwake.

Wiki ileile kaka yangu anayeishi Ottawa, Kanada, alinitumia picha. Ilikuwa Aprili, baridi yao inaelekea kwisha, kumbe theluji imeanguka tena asubuhi. Nyasi za uani zilikuwa nyeupe kabisa. Njia ya saruji iliyo kando yake, hatua moja tu, ilikuwa imelowa maji, haina hata chembe nyeupe. Wingu ni moja na saa ni moja. Nikamuuliza: mbona huku imekaa na kule haikukaa?

Akanieleza kwamba saruji na lami hunywa joto la jua mchana, na jua la Aprili limeshakuwa na nguvu kuliko la Januari. Joto hilo huwekwa ndani, na ardhi ya chini huongezea. Theluji ikigusa, inayeyuka. Nyasi ni nyembamba, haziweki akiba ya joto, na hewa iliyo katikati ya majani huzitenga na joto la ardhi. Hewa ikipoa, nazo zimepoa, na theluji ikitua inatulia.

Nikakumbuka hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim. Ndani yake Mtume (S.A.W.) amefananisha uongofu na elimu aliyotumwa nayo na mvua iliyonyesha juu ya ardhi mbalimbali: moja ikapokea maji ikaotesha, moja ikayahifadhi watu wakanywa, na moja tambarare haikushika maji wala haikuotesha. Mvua haikupungua kitu. Tofauti ilikuwa katika ardhi.

Basi tujiulize: tunaingia msikitini tukiwa na joto gani? Kutwa tumekuwa kwenye simu, tumesengenya, tumetazama yasiyofaa, tumegombana kwenye makundi ya WhatsApp. Kisha inapofika Isha tunataka aya itue na itulie. Inayeyuka hatujavaa hata viatu.

Dawa yake tumefundishwa. Katika dua ya kufungulia Swala aliyoipokea Abu Huraira (R.A.), Mtume (S.A.W.) aliomba aoshwe makosa kwa maji, theluji na mvua ya mawe. Hili neno letu "theluji" limetoka kwenye Kiarabu hichohicho cha dua. Ibnul Qayyim alimuuliza mwalimu wake, Ibn Taymiyya: kwa nini vitu vya baridi, na hali maji ya moto ndiyo yanayong'arisha zaidi? Jibu lake, kwa maana, ni kwamba dhambi huutia moyo joto, uchafu na udhaifu. Maji huuondolea uchafu, na baridi huupoza na kuutia nguvu.

Kwa hiyo istighfari itangulie darsa. Fika dakika 10 kabla. Zima simu, tawadha, swali rakaa 2 za kuamkia msikiti, kaa umuombe Mola wako msamaha wa mchana wako. Upoze moyo kwanza, ndipo usikilize.

Nilimuuliza kaka jambo moja zaidi: je, saruji haishiki theluji kamwe? Akasema hushika, mradi theluji isikatike. Kila chembe inayoyeyuka huondoka na kiasi cha joto la saruji. Zikiyeyuka nyingi, saruji yenyewe inapoa, na zinazofuata zinakaa.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Zile darsa ambazo mwenzangu aliziona zimepotea, huenda zilikuwa zikimpoza, na kilichohitajika ni kuendelea tu. Mimi ndiye niliyemkatisha. Katika Suratul Baqara, aya ya 74, Allah ametaja nyoyo zilizokuwa ngumu kuliko mawe, na papo hapo akatukumbusha kwamba yako mawe yanayobubujika mito. Anayelia akisikia mawaidha, nani amenipa mimi ruhusa ya kumhesabu na wafu? Na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Allah ni ile idumuyo, ijapokuwa ni chache.

Alhamisi hii baada ya Maghrib nitagonga mlango wake, inshaAllah. Siendi kumpa mawaidha, naenda kumuomba radhi, kisha twende darsani pamoja. Nawe, ndugu yangu, kama yuko uliyemvunja moyo kwa ulimi wako, usingoje Ramadhani nyingine.

Ewe Mola wetu, tuoshe dhambi zetu, uzipoze nyoyo zetu, na uyathibitishe ndani yake tunayoyasikia. Aamin.

Wabillaahi tawfiq.