Tabibu anapoficha ushahidi

MAMA yangu mdogo anaishi Chwaka, mashariki ya Unguja, kilomita 30 na ushei kutoka mjini. Ni mkulima wa mwani tangu miaka ya mwanzo ya tisini, zao hilo lilipokuwa bado jipya visiwani. Hivi karibuni nilikwenda kumjulia hali. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana habari za watoto mmoja mmoja, alinyoosha miguu yake juu ya jamvi, akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu, wewe daktari, hebu nikuulize. Miaka yote hii tunakuja kwenu na migongo hii na miguu hii. Mnatupa panadol, mnatwambia tupumzike. Mbona hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza siku hizi maji yako wapi?"

Nilicheka, nikidhani ni utani wa watu wazima. Haukuwa utani.

Alinieleza kuwa zamani, maji ya bamvua yakishakupwa, shamba lake lilikuwa katika maji ya kufika magotini. Siku hizi jua likiyapiga maji hayo machache huwa ya moto, mwani unageuka mweupe, unalainika na kukatika. Ile aina yenye bei nzuri, cottonii, iliwashinda zamani. Kwa hiyo anayetaka kuvuna analazimika kuyafuata maji marefu, ya kifuani, na wengi wa wenzake hawajui kuogelea. Na ule mzigo wa mwani mbichi, unaochuruzika maji ya chumvi, sasa unabebwa mwendo mrefu zaidi hadi pwani. Mgongo unatoka huko. Mimi nimefanya kazi ya utabibu miaka 28 mpaka nikastaafu, sehemu kubwa katika vituo vya mashamba, na nimewaandikia dawa za maumivu wanawake wa mwani nisioweza kuwahesabu. Sikuwahi kuuliza.

Si kwamba habari hizi zilikuwa siri. Kufa kwa cottonii kunajulikana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wataalamu wetu wa bahari wamekuwa wakikuhusisha na kupanda kwa joto la maji na maradhi yanayouvamia mwani uliodhoofika. Mwaka 2012 watafiti, wakiwamo wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo hapa Zanzibar, walichapisha utafiti ulioonesha kuwa wanawake wanaolima mwani waliiona afya yao kuwa mbovu kuliko ya wanawake wenzao wasiolima. Walitaja uchovu, maumivu ya viungo, njaa, kifua, macho, na majeraha ya kukanyaga viumbe vya baharini. Ona ajabu hii, ndugu msomaji: watu wa bahari ndio waliokwenda kuwauliza akina mama habari za afya zao. Sisi wa koti jeupe tulikaa kitini tukimsubiri mgonjwa anayefuata.

Swali ninalotaka tulitafakari ni hili. Amana ya tabibu inakomea wapi? Inakomea kwenye mlango wa kituo chake, au inaufuata ugonjwa hadi kule unakotoka?

Jibu la kawaida, ambalo nami nimeishi nalo, ni kuwa tabibu huulizwa juu ya mgonjwa aliye mbele yake. Akimpima vyema na kumpa dawa iliyo sahihi, amana imefika. Bahari ina watu wake, misitu ina watu wake, na hali ya hewa wapo wanaolipwa mshahara kuiangalia. Jibu hili halikosi uzito. Dini yetu haipendi mtu kujitia katika asilolijua. Ipo hadithi kwa Abu Daud inayombebesha dhamana mtu anayejifanya tabibu hali ya kuwa hajulikani kwa utabibu. Sasa vipi tabibu naye ajitie ubingwa wa mambo ya anga na bahari?

Hata hivyo, naona jibu hilo linamhesabu tabibu kuwa ni fundi tu, kama fundi baiskeli anayeziba pancha bila kuuliza barabara ilikuwa na misumari gani. Tabibu ni fundi, lakini pia ni shahidi. Mvuvi anaijua bahari yake na mama anamjua mtoto wake. Ni nani anayewaona wote kwa pamoja, akatambua kuwa mwezi huu wanaoharisha wamezidi, na kwamba wengi wanatoka mtaa mmoja na wanachota kisima kimoja? Ni yule mwenye daftari la wagonjwa. Elimu ile hana mwingine. Na Qur'an, katika aya ya 283 ya Suratul Baqara, haikuufanya ushahidi kuwa hiari ya mtu. Mwenye kuuficha ameelezwa kuwa moyo wake umeingia dhambini.

Imam Ghazali katika Ihya aliuhesabu utabibu kuwa fardhi kifaya, wakiutekeleza baadhi basi wengine wamesalimika. Sawa. Lakini ikiwa jambo linajulikana na mtu mmoja tu katika mji, basi kwa jambo hilo kifaya imekwisha. Limekuwa lake.

Tuchukue mfano wa kipindupindu, ugonjwa ambao Wazanzibari wameujua kwa miaka mingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliolinganisha idadi ya wagonjwa wa hapa Zanzibar na takwimu za joto na mvua, ulikuta kuwa joto likipanda kwa nyuzi moja ya Selsiasi, wagonjwa huongezeka maradufu baada ya miezi minne. Mvua ikizidi kwa milimita 200, huongezeka kwa zaidi ya nusu baada ya miezi miwili. Fikiria maana yake. Miezi minne ni muda wa kutosha kusafisha visima, kugawa dawa ya maji na kuzungumza na makhatibu wa Ijumaa. Utafiti ule uliwezekana kwa sababu manesi na matabibu wasiojulikana majina waliandika kila mgonjwa katika daftari. Bila wao, joto lingepanda na watu wangekufa, na hakuna ambaye angeyaunganisha mambo hayo mawili.

Na ushahidi wa daktari unaweza kufika hata mahakamani. Mjini London, mtoto wa miaka 9, Ella Adoo-Kissi-Debrah, alifariki mwaka 2013 kwa pumu. Nyumba yao ilikuwa karibu na barabara kubwa yenye msongamano wa magari. Uchunguzi wa kwanza wa kifo chake, mwaka 2014, haukuutaja moshi. Mama yake hakukubali. Bingwa wa maradhi ya pumu, Profesa Stephen Holgate, alilinganisha siku alizolazwa mtoto yule na vipimo vya uchafu wa hewa, akatoa ushahidi. Mwezi Desemba 2020 msimamizi wa uchunguzi wa vifo alitamka kuwa uchafu wa hewa ulichangia kifo kile. Kwa Uingereza ilikuwa mara ya kwanza. Madaktari wengi walimtibu Ella, na bila shaka walijitahidi. Lakini ilibidi apatikane mmoja wa kuuliza moshi ulikuwa wapi.

Nayajua majibu yatakayonijia. La kwanza litatoka barazani: hayo yote ni qadar ya Mwenyezi Mungu, joto ni lake na bahari ni yake. Ni kweli. Lakini aya ya 41 ya Surat Rum imeunasibisha uharibifu wa nchi kavu na baharini na yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Na kisa cha Sayyidna Umar (RA) kinajulikana. Alipofika Sargh njiani kuelekea Sham akaambiwa kuna tauni, akaamua kurudi. Abu Ubayda (RA) akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah, naye akajibu kuwa anaikimbia qadar kwenda kwenye qadar nyingine. Hapa ndipo wengi tunapoishia kusimulia. Tunamsahau Abdulrahman bin Auf (RA), ambaye hakuwapo wakati wa mashauriano. Alipokuja alisema kuwa juu ya jambo lile anayo elimu, akaeleza alichokisikia kwa Mtume (SAW) kuhusu kutoingia katika nchi yenye tauni. Alikuwa na elimu ambayo wengine hawakuwa nayo, akaitoa bila kusubiri kuulizwa.

Jibu la pili lina nguvu zaidi, na linaniuma hata mimi. Huu moshi si wetu. Viwanda na magari na ndege ni vya wengine, mama yangu mdogo hajawahi kumiliki hata pikipiki, na yeye ndiye mwani wake unaokufa. Kwa nini basi mzigo wa mabadiliko ya hali ya hewa abebeshwe nesi wa Chwaka? Nakubali kuwa hiyo ni dhulma. Lakini katika sheria yetu mwenye kudai ndiye anayetakiwa kuleta bayana. Mwaka 2023, katika mkutano wa dunia wa hali ya hewa uliofanyika Dubai, kwa mara ya kwanza ilitengwa siku maalumu ya afya, na katika mkutano huo huo mfuko wa kufidia hasara za nchi zilizoathirika ulianza kupokea ahadi za fedha. Wanyonge wakifika mbele ya meza zile wataweka nini? Machozi hayahesabiki. Daftari linahesabika.

Kisha lipo la moshi wetu wenyewe, na hapa inanibidi nikiri. Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi, ambacho sitakitaja, tulikuwa na shimo nyuma ya jengo. Sindano, mipira ya kutundikia maji, glovu, chupa za plastiki, maboksi, vyote vilitiwa humo pamoja vikachomwa. Upepo wa kusi ukivuma, moshi uliingia moja kwa moja skuli. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, asilimia 85 hivi ya taka za vituo vya afya ni taka za kawaida zisizo na hatari. Yaani tungetenga tu, kitu cha kuchoma kingekuwa kidogo. Plastiki za aina fulani zikichomwa kwa moto hafifu hutoa sumu za dioksini, zinazosababisha saratani. Na ardhi ya mashariki ya Unguja ni mawe ya matumbawe yenye matundu matundu, kinachomwagwa juu hakichelewi kufika kwenye maji ya kisima. Asubuhi nilikuwa nampa mtoto dawa ya kifua, jioni nawasha kiberiti. Kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana niliisoma chuoni nikiwa na miaka kumi na miwili.

Zanzibar si wageni katika mambo haya. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku hapa mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Tanzania Bara. Ghuba ya Chwaka na msitu wa Jozani vikawa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Kisiwani Misali, Pemba, wavuvi walizungumzishwa kwa Qur'an na Sunna juu ya kuhifadhi matumbawe. Masheikh walikuwamo, maofisa wa misitu walikuwamo. Matabibu sikuwasikia.

Simtaki nesi wa kijijini, ambaye pengine hana hata glovu za kutosha, abebe asichokiweza. Allah (SW) haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake. Kwa hiyo nilipotoka kwa mama mdogo nilipita katika kituo kimoja cha pwani hiyo, nikamkuta kijana aliyesomeshwa vizuri, mwenye adabu zake. Nikamsimulia habari ya maji marefu. Nikamwomba kila mwanamke anayekuja na mgongo au jeraha la mguu amuulize anafanya kazi gani, na kama ni mwani, maji yanamfika wapi.

Akanionesha daftari. "Mzee wangu, hizi safu zimeshachapishwa kutoka mjini, nafasi ya hayo hakuna."

Tulitazamana kidogo. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari pembeni mwa ukurasa, kuanzia juu mpaka chini. Foleni ilikuwa na wanawake wanne. Nilikaa benchini nikingoja gari ya kurudi mjini, nikamsikia anamuuliza wa kwanza.