Aliye Juu ya Mto



Ndugu zangu, tarehe 18 Februari 2025 bwawa la taka za mgodi wa shaba lilibomoka Chambishi, kwa majirani zetu Zambia. Takriban lita milioni 50 za maji yenye asidi na metali nzito zikaingia kijito kinachoelekea mto Kafue. Mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba.

Katika fiqhi tumesoma kuyatazama maji kwa rangi, ladha na harufu. Masuala ya udhu nawaachia masheikh. Kwa kunywa, nasema haitoshi, maana risasi na arseniki zikiyeyuka hazionekani wala hazinuki. Hapo maabara inakuwa ibada.

Kufuatilia sumu mtoni ni hesabu. Maji yakienda nusu mita kwa sekunde, yanakata kilomita 1.8 kwa saa. Mji ulio kilomita 36 chini una saa 20 za kujaza matangi na kufunga mlango wa kuchotea. Lakini saa hizo zinaanza sumu inapomwagika, si khabari inapofika. Nchi za mto Rhine zilijifunza hilo baada ya moto wa ghala la Sandoz karibu na Basel, 1 Novemba 1986, zikatengeneza modeli ya kukadiria sumu itafika wapi na lini. Modeli haina kazi mpaka aliye juu aseme. Anayenyamaza kulinda jina la kampuni amekhini amana.

Mtume (s.a.w.) alikataza kujisaidia kwenye vyanzo vya maji. Je, sisi wa Lilongwe? Tunakunywa kutoka mabwawa ya Kamuzu, yaliyo juu ya mji. Oili chafu inayomwagwa mtoni mjini haigusi bomba letu. Inateremka Linthipe hadi ziwani, kwa watu tusiowajua. Nadhani ndiyo maana hatuoni haya.

Dzaleka, nilikokulia, tunachota visima vya pampu ya mkono. Maji ya ardhini hutembea polepole: asidi ya betri iliyomwagwa leo yaweza kufika kisimani baada ya miaka, na hakuna wa juu wa kutupigia simu. Enyi wa kemia na afya ya jamii, sampuli ya kila kisima kwa mwezi, ipimwe pH na upitishaji umeme, tunaiweza. Namba ikibadilika ghafla, ndipo tutafute maabara kubwa. Daftari likae msikitini, na kina mama wanaopanga ndoo alfajiri wasomewe, Waislamu na wasio Waislamu.