Panda Treni, Mwalimu

Wapo walimu vijana wa Kenya na Tanzania wanaokwenda Marekani kwa mpango wa Fulbright, kufundisha Kiswahili vyuoni huku nao wakisoma. Anayepangiwa Chicago namshauri aachane na teksi. Apande treni ya mjini iitwayo L, iliyoanza 1892, na ambayo katikati ya mji hupita juu ya barabara, usawa wa madirisha ya ghorofa. Njia yake Nyekundu hufanya kazi usiku na mchana, kutoka kituo cha Howard kaskazini hadi cha 95th kusini. Konda hayupo, vituo hutajwa na sauti ya mashine, nayo treni haikungoji! Humo atawaona wazazi wa wanafunzi wake, wamechoka, wanarudi kutoka kazini. Darasani hawaonekani hao. Nawe uliye ugenini asubuhi hii, panda, uende hadi kituo cha mwisho.