Muulizeni Mzee Habari za Choo

Wanangu wa Kamanga, na nyinyi mliovuka ghuba mkajenga maisha Mwanza mjini, nawapa neno ambalo wazee wenu hawatawaambia. Mzee atakwambia goti linamuuma, atakwambia macho hayaoni tena tundu la sindano. Damu aliyoiona chooni hakwambii. Anaona haya kuitaja mbele ya mtoto aliyemzaa, na mbele ya mkwe ndiyo haisemeki kabisa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na saratani ya utumbo mpana inafichika kirahisi kwa sababu imekaa mahali pa aibu.

Nimemzika mwenzangu wa rika kwa ugonjwa huu. Alikuwa mtu wa mwaloni, hodari wa kuvuta nyavu. Alianza kwa kufua nguo zake mwenyewe, jambo ambalo nyumbani kwake halikuwahi kuonekana. Kisha akaacha kukaa muda mrefu barazani. Mkanda wake akautoboa tundu jipya kwa msumari wa moto, baadaye la pili, baadaye la tatu. Watoto wake waliiona suruali ilivyojikunja kiunoni, wakasema baba amezeeka. Hakuna aliyeuliza.

Hata panapoulizwa, damu ya chooni huku kwetu haikosi jina la kumtuliza mtu. Ziwa letu lina kichocho cha tumbo, na kichocho kweli huleta damu. Amiba ipo, bawasiri ipo. Basi mtu anakwenda duka la dawa, anapewa vidonge vya amiba. Damu inakata, inarudi. Anameza vya kichocho, inarudi. Anahamia kwenye mizizi. Mwaka unakwisha na hakuna aliyempima. Shikeni hili: damu ya chooni haipewi jina kwa kukisia, na inayorudi baada ya dawa hupelekwa kwa daktari. Mpelekeni pia mzee ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa, ambaye kinyesi kimekuwa chembamba kuliko kawaida, anayetoka chooni akihisi hajamaliza, anayekonda bila sababu, au ambaye viganja vyake vimepauka kwa kupungukiwa damu.

Lakini nasaha yangu haiishii kwenye damu, maana anayengoja dalili mara nyingi amechelewa. Saratani hii kwa kawaida huanza na kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo mpana. Hakiumi. Vinyama vingi havigeuki kuwa saratani, na kile kinachogeuka huchukua miaka, mara nyingi kama kumi hivi. Miaka hiyo yote mtu analima, anavua, anacheza na wajukuu, na angepimwa kingeonekana kikaondolewa. Nyinyi ni watoto wa ziwa. Mtumbwi hupinduliwa mchangani ukakaguliwa mbao zake ungali mzima. Hatungoji ujae maji katikati ya ghuba.

Madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2013 utafiti kuhusu wagonjwa 332 wa saratani hii. Karibu wote walikuwa wamefika ugonjwa ukiwa umekomaa, na nusu yao walikuwa na miaka 46 au pungufu. Jirani zetu Kenya walimpoteza Ken Okoth, mbunge wa Kibra, tarehe 26 Julai 2019, akiwa na miaka 41 tu. Yeye aliivunja aibu: alitangaza hadharani kwamba ana saratani ya utumbo mpana na kwamba imefika hatua ya nne.

Kupimwa kwenyewe hakutishi. Kipimo cha kwanza ni cha choo: kinyesi kidogo huchukuliwa kwa kijiti, na maabara hutafuta damu ambayo jicho haliioni. Hurudiwa kila mwaka. Kikionyesha damu, si lazima iwe saratani, hasa huku kwenye kichocho. Ila sasa ni lazima kamera itazame. Hicho ndicho kipimo cha kolonoskopi. Siku moja kabla, mzee hunywa dawa ya kusafisha tumbo hadi anachotoa ni maji matupu. Hospitalini hulazwa kwa ubavu wa kushoto, hupewa dawa ya kumtuliza, na daktari hupitisha mpira mwembamba wenye taa na kamera kwa njia ya haja kubwa. Akikikuta kinyama, hukinasa kwa kitanzi cha waya na mara nyingi hukikata hapo hapo. Utumbo ukiwa safi, kolonoskopi hurudiwa baada ya miaka 10.

Marekani, tangu 2021, watu hushauriwa kuanza kupimwa wakiwa na miaka 45. Nchi nyingi za Ulaya huanzia 50. Uingereza mtu hutumiwa kipimo cha choo kwa posta hadi nyumbani. Huku barua hiyo haiji, kwa hiyo wa kumwita bibi ni wewe mjukuu wake. Tena mjukuu ana ruhusa ya utani ambayo mtoto hana: babu atakucheka, atakutukana kidogo, kisha atakujibu. Baba naye aulizwe na mtoto wa kiume, mama aulizwe na wa kike, faraghani. Anzeni kituo cha afya au hospitali ya Sengerema, mwombe ushauri na rufaa. Ulizeni gharama na bima mapema ili safari isiishie getini. Aliyevuka miaka 75, daktari ataangalia kwanza afya yake kama kipimo kitamfaa. Bugando hapo ng'ambo tu: kivuko chetu kipo, na tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi nalo lipo.

La mwisho ni lenu wenyewe. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata saratani hii yuko kwenye hatari kubwa kuliko wengine. Hushauriwa aanze kupimwa akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yake aligundulika nao, kutegemea upi unatangulia. Baba aligundulika na 48? Wewe unaanza na 38. Ndiyo maana "babu aliumwa tumbo" si jibu la kumwachia mtoto. Ulizeni alikuwa na nini, aligundulika na miaka mingapi, mwandike. Ukoo unaoficha ugonjwa wa baba unamnyima mtoto mwaka wake wa kupimwa. Ulizeni wakati wazee bado tupo wa kujibu.