Kumshangilia Aliyetushinda

Chennai nilipelekwa na maradhi ya ndugu yangu, kama wapelekwavyo wengi wa visiwani kwetu. Siku moja, tukingoja majibu ya vipimo, nilitoka kwenda Chepauk, kiwanja cha kriketi kilicho karibu na ufuo wa Marina. Mchezo haukuwapo. Mlinzi, mzee mwenye kofia iliyompwaya, aliniruhusu niyatazame majukwaa, na mapaa yake ya turubai nyeupe yapitishayo upepo wa bahari. Nilichokifuata pale ni siku moja tu: tarehe 31 Januari 1999.

Siku hiyo India ilihitaji mikimbio 271 kuishinda Pakistani. Sachin Tendulkar, mgongo ukimuuma, alipata 136, na alipotolewa ilibaki 17 tu. Watatu waliosalia wakaanguka kwa mikimbio minne. Mwaka uliotangulia, nchi mbili hizo zilikuwa zimejaribu mabomu ya nyuklia. Miezi michache baadaye zikapigana Kargil. Hata hivyo watazamaji wa Chepauk walisimama wakawapigia makofi Wapakistani, nao wakakizunguka kiwanja kupokea heshima ile.

Je, ulikuwa usaliti? Wapo wasemao kuwa mapenzi ya nchi hayagawanyiki. Siafikiani nao, ila hoja yao siidharau, kwani mapenzi hayo hayo, Februari ya mwaka ule ule, yaliwafanya watazamaji wa Eden Gardens, Kolkata, warushe chupa hata wakatolewa nje, na mchezo na Pakistani ukamalizika mbele ya majukwaa matupu.

Sisi wa mashairi jambo hili latuhusu khasa. Katika kujibizana, ubeti wa mwenzio ukitimia na ukakuchoma, wafanyaje? Nakiri langu. Ujanani nilijibiwa ubeti uliokuwa mzuri kuliko wangu, nami nikautangazia kasoro ya mizani ambayo haikuwamo. Waliohudhuria wakaniamini. Aliyeutunga amekwishafariki, na ubeti ule bado naukumbuka wote, ilhali wangu umenitoka. Sikumwibia ushindi tu. Niliwanyima wale waliokaa kusikiliza haki ya kuufurahia.

Nilipokuwa natoka nilimwuliza mlinzi, kwa Kiingereza chake kidogo na changu kidogo, kama siku ile alikuwapo. Akasema alikuwapo.

"Ulipiga makofi?"

"Kwanza nililia," akajibu. "Kisha nikapiga."